Kuuliza si Kuomba

Kipo kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho mtoto wa shule hukutana nacho katika wiki zake za mwanzo za kujifunza lugha hiyo, na ambacho mtu mzima aliyeisoma lugha hiyo maisha yake yote aweza kufariki hajakimaliza. Kitenzi hicho ni "ask". Ni kifupi, chenye herufi tatu tu, na mara nyingi darasani hutafsiriwa haraka haraka kuwa "uliza", kisha somo likasonga mbele. Mimi nataka kusimama pale linapopita. Naamini kwamba katika kitenzi hicho na jamaa zake tunaweza kuuona waziwazi ubovu wa namna tunavyofundisha visawe, na tukitazama vizuri zaidi tutaliona pia jambo linalotuhusu sisi walimu kuliko linavyomhusu mwanafunzi.

Tuanze na maana. "Ask" hufanya kazi mbili ambazo Kiswahili kimezigawa baina ya vitenzi viwili, kuuliza na kuomba. Mgeni anayetaka kuijua njia iendayo sokoni anauliza. Mgeni huyo huyo akitaka maji ya kunywa anaomba. Mwingereza kwa yote mawili atatumia "ask". Tofauti hii si ya maneno matupu. Anayeuliza anataka habari, na akishapewa, aliyempa hapungukiwi na kitu. Ujuzi wake anabaki nao wote, ila sasa wako wawili wanaojua. Anayeomba anataka kitu au fadhila, na akishapewa, aliyetoa amepungukiwa: maji yamepungua mtungini, fedha zimepungua mfukoni, au ametumia muda na nguvu zake kwa ajili ya mwingine. Ndiyo maana wahenga wetu walivipa vitenzi hivi methali mbili zilizo mbali kabisa. Kuhusu cha kwanza walisema: kuuliza si ujinga. Kuhusu cha pili walisema: mwomba chumvi huombea chungu chake. Ile ya kwanza humwondolea mwulizaji aibu. Ya pili humkumbusha mwombaji kwamba shida ni yake, na kwamba unyenyekevu wa kuomba ni mzigo wake mwenyewe.

Nisije nikaonekana najivuna kwa ajili ya lugha yangu. Kiingereza hakiko peke yake katika kuunganisha mambo hayo mawili. Kitenzi cha Kiarabu "sa'ala", ambacho ndicho kilichotupatia swali, suala na kusaili, hubeba kuuliza na kuomba kwa pamoja, hata mtu aitwaye "sail" kwa Kiarabu aweza kuwa mwulizaji na aweza kuwa maskini aombaye sadaka. Kifaransa nacho hutumia "demander" kwa yote mawili. Kijerumani, kwa upande wake, hutenganisha kama sisi. Tena Kiswahili chenyewe huunganisha mahali ambapo Kiingereza hutenganisha: sisi tunamwomba Mungu na tunamwomba jirani kwa kitenzi kile kile, hali Mwingereza wa leo humwendea Mungu kwa "pray" na jirani kwa "ask". Kila lugha ina mahali ilipojenga ukuta na mahali ilipoacha uwazi. Kazi ya mwalimu wa lugha ni kujua kuta ziko wapi, ili mwanafunzi asijigonge gizani.

Na Mwingereza naye, tusimdhulumu, tofauti ile anaiona. Huionyesha kwa vijineno vidogo anavyovipachika nyuma ya kitenzi. Akiweka "for", anaomba kitu. Akiweka "about", anauliza habari. Akiweka "after", anamjulia mtu hali. Akiweka "in", anamkaribisha mgeni ndani. Na akiweka "out", anamwalika mtu watoke pamoja. Sisi kazi ya namna hiyo huifanya kwa viambishi ndani ya kitenzi chenyewe: tunauliza, tunaulizia, tunaulizana, tunajiuliza, tunaomba, tunaombea, tunaombana. Huko ndiko yanakotoka makosa mengi ya wanafunzi wetu. Kijana husema "I am asking a pen", kwa kuwa kwao husemwa naomba kalamu, pasipo kitu katikati ya kitenzi na kalamu. Mwingereza akimsikia, kwa nukta moja humwona kijana akiihoji kalamu. Yako majina machache ambayo Kiingereza huyaruhusu kuketi karibu na kitenzi hicho bila "for", kama vile swali, ruhusa, fadhila na bei; mengine karibu yote huitaka.

Dawa ya kosa hilo si kumkaririsha mtoto orodha ya vihusishi. Dawa ni kumwuliza kwanza kwa Kiswahili: hapa unauliza au unaomba? Akijibu kwamba anaomba, basi "for" inakuja yenyewe na sababu yake anaiona. Nimewashuhudia walimu-wanafunzi wa chuo chetu, wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, wakilitumia swali hilo dogo na kupata katika kipindi kimoja kile ambacho zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi halikukipata kwa muhula mzima.

Sasa natoa mfano wa kuonyesha kwamba ukuta wa Kiswahili waweza kumfaa hata Mwingereza. Katika Injili ya Yohana, sura ya 16, mstari wa 23, Yesu anawaambia wanafunzi wake mambo mawili mfululizo. Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Injili hiyo, kinatumia hapo vitenzi viwili tofauti. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, waliweka "ask" mahali pote pawili. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiingereza husikia akiahidiwa kwamba siku ile hatamtaka Yesu kitu, kisha papo hapo husikia kwamba lolote atakalolitaka kwa Baba atapewa, naye hubaki akijikuna kichwa. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ilitumia kuuliza kwanza na kuomba baadaye, na mstari ukanyooka: maswali yatakuwa yamekwisha, maombi yataendelea. Wajuzi wa Kiyunani hubishana, maana kile kitenzi cha kwanza nacho mara nyingine katika Injili hiyo hiyo huwa na maana ya kuomba. Sitaingia katika ubishi wao. Ninalosema ni kwamba mtafsiri wa Kiingereza aliweza kupita pale bila kuamua, na mtafsiri wa Kiswahili hakuweza. Lugha yake ilimshika mkono ikamtaka aseme ni lipi kati ya mawili.

Baada ya hayo ndipo twaweza kuviendea visawe. Kitenzi "ask" ni mzaliwa wa Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa na sura mbili, moja ikitanguliza sauti ya s na nyingine ikitanguliza ile ya k, na sura hii ya pili ilitumiwa na Chaucer katika karne ya 14 na hata ikachapwa katika Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535. Leo watu wa Marekani na visiwa vya Karibi wanaosema "aks" huchekwa kwamba wameharibu Kiingereza, kumbe wanatamka neno lililokubalika karne nyingi zilizopita. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa, na nyuma yake ya Kilatini, yalimiminika katika mahakama, ofisi na makanisa ya nchi hiyo. "Ask" likabaki nyumbani na shambani. Wageni wakachukua nafasi za juu.

Ajabu ni kwamba wengi wa wageni hao ni ndugu wa tumbo moja. Kilatini kilikuwa na kitenzi "quaerere", yaani kutafuta. Humo zimetoka "question", "inquire", "request" na "require", na kwa njia ndefu kidogo hata "conquer", yaani kushinda na kuteka. Tazama safari ya kitenzi kimoja: kinaanza kwa kutafuta, kinafika kwenye kuuliza, kinapita kwenye kuomba na kutaka kwa lazima, kinaishia kwenye kuteka nchi ya watu. Mimi husoma katika safari hiyo onyo kwa kila mwenye kuuliza maswali. Kuna kuuliza kunakotafuta, na kuna kuuliza kunakoteka.

Vitenzi hivyo basi havikupangwa mstari mmoja kama watoto wa paredi. Vimekaa juu ya ngazi, na kinachoamua kidato cha ngazi ni uhusiano wa anayeuliza na anayeulizwa. Anayetumia "ask" hajidai lolote. Aweza kuwa mtoto kwa mama au rais kwa dereva wake. "Inquire" ina suti na tai. Huulizia jambo, na haielekezwi moja kwa moja kwa mtu. "Question" ina sura mbili, kumhoji mtu na kulitilia jambo shaka, kama vile kuhoji kwetu, kulikochimbuka katika hoja ya Kiarabu, kunavyoweza kuwa mazungumzo ya redioni na kunavyoweza kuwa kupinga. "Interrogate" ina chumba chenye mlango uliofungwa: mwulizaji ana mamlaka, na mwulizwa hana ruhusa ya kuondoka. Upande wa kuomba nako ni vivyo hivyo. "Request" huandikwa katika barua na matangazo. "Beg" humshusha mwombaji, karibu na kusihi kwetu. "Demand" humpandisha juu ya mwombwa, kwa haki au kwa nguvu, nasi tungesema anadai.

Hicho cha mwisho kina kisa cha kufaa kusimuliwa. Nimekwisha kusema kwamba kwa Kifaransa "demander" ni kuuliza au kuomba tu, bila ukali. Zamani Kiingereza nacho kilikitumia hivyo. Katika tamthilia ya The Tempest, iliyoandikwa na Shakespeare yapata mwaka 1611, Prospero anamsifu bintiye Miranda kwa kuuliza swali zuri, na kitenzi anachokitumia ni "demand", pasipo harufu yoyote ya ugomvi. Lakini katika The Merchant of Venice, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Shylock anapoitaka ratili yake ya nyama mbele ya mahakama hutumia kitenzi hicho hicho, na humo tayari kuna kisu. Baadaye Kiingereza kikaiacha maana ya Miranda kikabaki na ya Shylock. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa hulijua tatizo hilo: wakiandika barua ya Kiingereza ya kuomba kazi kwa adabu zote, kalamu huwaponyoka ikaandika "demand", na msomaji wa upande wa pili hudhani amepata barua ya vitisho.

Kwa hiyo nalaumu, na lawama yangu ni kwa zoezi moja tulilorithi na ambalo bado naliona katika vitabu: andika neno lenye maana sawa na neno lililopigiwa mstari. Mwanafunzi hupewa "ask", huandika "demand", hupata alama. Kesho yake anaandika katika insha kwamba alimwendea baba yake na "demand" ya karo ya shule. Nimeisoma sentensi ya namna hiyo, na pembeni yake mwalimu alikuwa ameweka vema kwa wino mwekundu, pengine kwa kufurahia neno kubwa. Mtoto yule alikuwa amempigia magoti baba yake. Maandishi yake yakamfanya mdai aliyesimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia.

Wenye kamusi hawana hatia. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kutahadharisha kwamba ni nadra maneno mawili kulingana kabisa kwa maana. Daktari Peter Mark Roget, alipoitoa Thesaurus yake mwaka 1852, aliyakusanya maneno kwa jamaa za mawazo ili kumsaidia mwandishi mwenye wazo aliyekosa neno. Sisi nasi tangu mwaka 1998 tunayo Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, kazi ya kushukuriwa. Lakini vitabu hivyo ni kama ghala la fundi. Fundi huingia akijua anatafuta nini. Mwanagenzi akiachiwa funguo atatoka na msumeno kwenda kupigilia misumari. Zoezi la kufaa lingekuwa hili: nani anasema, anamwambia nani, na nani kati yao aweza kukataa? Mtoto akiyajibu hayo matatu, neno litajichagua.

Na hata neno likichaguliwa vema, bado nguvu ya mwisho ipo kwa msikilizaji. Charles Dickens aliionyesha hali hiyo katika Oliver Twist, hadithi iliyotoka kwa sehemu kati ya 1837 na 1839. Watoto wa nyumba ya maskini wanashinda njaa kwa kibakuli cha uji, wanapiga kura, kura inamwangukia Oliver. Anakwenda mbele na kusema kwa adabu kwamba anataka tena. Habari inapopelekwa kwa mabwana wa bodi, mletaji, Bwana Bumble, hutumia "ask" tu. Hasemi kwamba mtoto amedai, hakuna haja. Kitenzi cha upole kuliko vyote kinawatia mabwana wale hofu kuu, mmoja anatabiri kwamba mtoto atakuja kunyongwa, na kesho yake linabandikwa tangazo la kutoa paundi 5 kwa yeyote atakayemchukua. Ukubwa wa Dickens hapo ni kuliacha neno dogo lifanye kazi kubwa. Angeandika "demand", mabwana wangepata kisingizio. Alipoandika "ask", aliwavua nguo.

Jambo hilo lanirudisha kwetu, kwa maana mabwana wa bodi wapo popote penye mwenye uji na asiye nao, na katika darasa mwenye uji ni mwalimu. Kiswahili chetu kina adabu moja nzuri: mtu husema, naomba kuuliza. Sikiliza mpangilio wake. Kuomba kunatangulia, kwa kuwa nafasi ya kusema ni ya mwenye kikao, naye ndiye wa kuombwa. Nafasi ikishatolewa, kuomba kumekwisha, na kuuliza kunaanza. Hapo mwulizaji husimama wima. Ninachokiogopa ni darasa ambamo kuomba hakuishi, ambamo mwanafunzi akisharuhusiwa huuliza kama anayenyoosha mkono wa sadaka, na mwalimu hujibu kama anayetoa, au hunyima. Wako walimu wanaoliona kila swali kuwa ni mtu anayewahoji wao. Wako pia wanaolirudisha swali kwa ukali, hata aliyeuliza akajikuta ndiye anayesailiwa.

Hali huwa nzito zaidi mtoto anapotoka shule ya msingi, alikosoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza, anakosoma kwa Kiingereza. Mwalimu anamaliza kufundisha, anatupa yale maneno ya desturi, "Any question?", na darasa linanyamaza. Mwalimu hudhani wameelewa. Lakini mtoto aliyekuwa na vitenzi viwili vilivyotengana vizuri sasa ana kimoja kilichochanganyika, na Kiingereza chake ni kichache kiasi kwamba kabla ya kuuliza jambo lenyewe inambidi aombe radhi ya lugha. Kuuliza kwake kumegeuka kuwa kuomba. Watoto wengi, na hasa wenye heshima zao, huona bora wakae na njaa.

Mwalimu mwenzangu, ukiingia darasani kesho kufundisha "ask", usiikimbilie orodha ya visawe. Waeleze watoto kwamba lugha ile ina neno moja mahali petu pana mawili, kisha waonyeshe tofauti kwa namna unavyowajibu. Mtoto akikuomba chaki, mpe ukiweza, maana chaki huisha. Mtoto akikuuliza, mjibu, hata kama ameuliza kwa Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Ukishamjibu utamfundisha namna ya kulisema swali lile lile kwa Kiingereza. Hutapungukiwa na kitu.